Chapter 13 ya Marekani: breki ya mnada wa nyumba, na bei yake ya miaka mitano

Kwa kusimamisha mnada, tunaipa Chapter 13, sura ya sheria ya kufilisika ya Marekani, nyota tano. Kwa kukuachia nyumba mwisho wa safari tunaipa tatu, na hata hizo tatu zinatoka zaidi kwenye mshahara wako kuliko kwenye sheria. Wengi huikimbilia kwa kazi ya kwanza, siku mbili kabla ya nyumba kunadiwa, kisha mwezi wa pili wakagundua kwamba wameingia mpango wa marejesho wa miaka mitatu hadi mitano.

Tathmini hii ni ya wasomaji wa Kiswahili wenye nyumba Marekani, wawe Houston, Columbus au Minneapolis, na hasa wale walioacha kiwanja, mzazi au chama nyumbani. Kwa kundi hilo kuna mambo ambayo matangazo ya mawakili hayagusi kabisa, na ndiyo tuliyoyapa nafasi kubwa.

Breki yenyewe

Sheria ya kufilisika ni ya serikali kuu ya Marekani, kwa hiyo mashine ni ileile katika kila jimbo. Ombi likishapokelewa na mahakama na kupewa namba, zuio linaanza papo hapo. Hakimu hasaini kitu, na benki haiulizwi. Aliyezoea Kenya, ambako mwenye nyumba huomba amri ya zuio na hakimu akaamua kumpa au kumnyima, atashangaa. Zuio hilo linafunga pia kesi za madeni, makato ya mshahara na simu za wadai. Chapter 13 inaongeza ulinzi kwa aliyekudhamini kwenye deni la matumizi ya nyumbani: binamu aliyesaini mkopo wa gari lako haandamwi, maadamu mpango wako unalilipa deni hilo.

Kinachowaangusha watu ni saa. Haki ambayo Chapter 13 inakupa, ya kulipa malimbikizo ya mkopo wa nyumba kwa awamu, inaisha nyumba inapouzwa mnadani kihalali. Texas minada hufanyika Jumanne ya kwanza ya mwezi, kati ya saa 4 asubuhi na saa 10 jioni, na tangazo linataja saa ambayo nyumba yako haitanadiwa kabla yake. Mnada lazima uanze ndani ya saa tatu tangu hapo. Ombi lililogongwa muhuri dakika kumi kabla ya nyundo linafanya kazi. Lililochelewa dakika kumi ni karatasi. Minnesota nyumba nyingi zina muda wa kukombolewa baada ya mnada, kwa kawaida miezi 6, na watu hujidanganya kwamba Chapter 13 itaingia hapo. Muda huo ni wa kulipa bei yote ya mnada pamoja na riba. Malimbikizo kwa awamu yameshapita.

Ukishafungua kesi, usiiachie mahakama kazi ya kuiarifu benki. Barua zake huchukua siku. Namba ya kesi, tarehe na saa vipelekwe siku hiyohiyo kwa wakili au kampuni iliyotajwa kwenye tangazo la mnada, kwa barua pepe, kwa faksi na kwa simu, na ushahidi wa kutuma utunzwe. Nyumba ikinadiwa baada ya ombi kupokelewa, uuzaji huo hausimami, lakini kuutengua kunadai hoja nyingine mahakamani na ada nyingine kwa wakili.

Unachohitaji mkononi

Kwa dharura huhitaji faili lote. Kesi inaweza kufunguliwa na ombi lenyewe, fomu ya namba ya Social Security, orodha ya wadai wote na anwani zao, na cheti cha ushauri wa madeni. Fomu zilizobaki na mpango wa malipo zinafuata ndani ya siku 14. Asiye na Social Security hutumia ITIN, namba ya mlipakodi. Uraia hauulizwi, bali makazi au mali ndani ya Marekani.

Cheti cha ushauri ndicho huwaponza wenye haraka. Kozi hufanywa kwa simu au mtandaoni, kwa taasisi iliyoidhinishwa na idara ya serikali inayosimamia kesi za kufilisika, ndani ya siku 180 kabla ya kufungua. Kabla, si baada. Ukifungua saa 3 na kuifanya saa 5, kesi yako iko hatarini kutupwa, na kutupwa huko kutahesabiwa dhidi yako baadaye, kama tutakavyoona. Gharama ni ndogo, mara nyingi chini ya dola 50. Ada ya mahakama ni dola 313, na unaweza kuomba kuilipa kwa awamu zisizozidi nne.

Kuna masharti mawili ya kuingia: uwe na kipato cha uhakika, hata cha kuendesha Uber au biashara yako ndogo, na madeni yasipite kikomo. Tangu Aprili 2025 kikomo ni dola 526,700 kwa madeni yasiyo na dhamana na dola 1,580,125 kwa yenye dhamana.

Chapter 7, sura ya kufuta madeni bila mpango wa marejesho, nayo inasimamisha mnada kwa zuio lilelile, ila haina chombo chochote cha kulipa malimbikizo. Benki inaomba ruhusa ya kuendelea, inapewa, na umenunua miezi michache. Deni binafsi linafutika, rehani inabaki palepale juu ya nyumba. Ni huduma nzuri kwa aliyeamua kuhama na anataka muda wa kutafuta pa kupanga. Kwa anayetaka kubaki, si hii.

Hesabu, ambapo kesi hufia

Mpango wa Chapter 13 unafanya kazi mbili sambamba: unalipa mkopo wa nyumba wa kila mwezi kama kawaida kuanzia mwezi unaofuata, na malimbikizo unayagawa hadi miezi 60. Wanaosikia "mahakama itanipunguzia mkopo" wamesikia vibaya. Sheria inakataza kubadili riba au salio la mkopo wa nyumba unayoishi. Mlango ulioachwa ni wa rehani ya pili isiyofunikwa hata dola moja: nyumba ina thamani ya 250,000, rehani ya kwanza ni 260,000, basi ya pili inaweza kuvuliwa na kuwekwa kundi moja na madeni ya kadi. Ndani ya Chapter 7 mlango huo Mahakama Kuu ya Marekani iliufunga mwaka 2015.

Chukua mfano. Malimbikizo ni dola 18,000, sawa na 300 kwa mwezi. Salio la ada ya wakili ni 4,200, sawa na 70. Gari linahitaji 180. Jumla 550. Msimamizi wa kesi, ambaye hupokea pesa zako na kuwagawia wadai, anaruhusiwa kukata hadi asilimia 10 ya anachopokea. Tukichukua 10 kamili, unampelekea dola 611 ili 550 zifike. Ongeza mkopo wa kawaida wa nyumba, tuseme 1,850 unaoilipa benki mwenyewe, na kwa mwezi zinatoka 2,461.

Sasa angalia kitu ambacho mteja haulizi. Baadhi ya wilaya za mahakama zinataka hata ule mkopo wa kawaida upitie kwa msimamizi. Hapo asilimia inakatwa juu ya 2,400, nawe unalipa 2,667. Tofauti ya dola 206 kwa mwezi, kwa miezi 60, ni dola 12,360. Asilimia halisi mara nyingi iko chini ya 10, hasa kwenye wilaya zenye utaratibu huo, ndiyo maana swali la kwanza kwa wakili liwe: hapa mkopo wa nyumba unapitia wapi, na msimamizi anakata asilimia ngapi sasa hivi? Faida ya utaratibu huo ni moja na si ndogo: kuna mtu wa tatu mwenye rekodi ya kila senti, na benki haiwezi kudai baadaye kwamba malipo ya mwezi wa 14 hayakufika.

Malipo ya kwanza kwa msimamizi yanadaiwa ndani ya siku 30 tangu kufungua, hata kama hakimu hajaukubali mpango. Hapa ndipo kesi nyingi hufa mapema. Mwenye nyumba anasubiri barua ya kumwambia alipe, barua haiji, na mwezi wa pili msimamizi anaomba kesi itupwe. Omba makato yatoke kwenye mshahara moja kwa moja.

Wanaovuka hapo huangushwa na mambo ya kawaida kabisa. Kodi ya majengo na bima ya nyumba hupanda kila mwaka na kuvuta malipo ya mkopo juu. Benki inatakiwa kutoa taarifa mahakamani siku 21 kabla ya malipo mapya, na taarifa hiyo ikikupita utajikuta unalipa pungufu kila mwezi bila kujua. Zamu za kazi hupunguzwa. Gari hufa. Ukikosa malipo mawili au matatu ya nyumba, benki inaomba zuio liondolewe, na mara nyingi yanafikiwa maafikiano yenye masharti makali: ukikosa tena, zuio linaanguka bila kurudi kwa hakimu. Mpango unaweza kurekebishwa kipato kikishuka, ila ombi hilo linapaswa kutangulia malimbikizo mapya. Bajeti iliyobanwa hadi senti ya mwisho ili mpango upite kwa hakimu ni mpango wa kufa mwezi wa nane.

Kiwanja cha Kitengela, mama wa Tanga, na chama

Fomu za mali zinataka kila ulicho nacho, popote duniani, kishikwe na yeyote. Kiwanja cha Kitengela, nyumba isiyokwisha Kigamboni, hisa za SACCO, salio la M-Pesa, fungu lako kwenye chama au upatu, shamba la ukoo ambalo halijagawanywa: vyote vinaandikwa. Hati ikiwa kwa jina la dada yako lakini pesa ni zako, unaandika hivyohivyo na kueleza. Urithi unaopata haki yake ndani ya siku 180 baada ya kufungua nao unahesabiwa. Kuficha mali kwenye kesi ya kufilisika ni jinai ya hadi miaka 5 jela, na kwa asiye raia hatia ya namna hiyo inaharibu mengi kuliko nyumba. Kufilisika kwenyewe hakumfukuzishi mtu nchini.

Kuandika peke yake hakumalizi, kwa sababu kuna kanuni inayogusa mfuko: wadai wasio na dhamana lazima wapate, kwa uchache, kile ambacho wangepata kama mali yako isiyo na kinga, yaani isiyolindwa na sheria dhidi ya wadai, ingeuzwa chini ya Chapter 7. Kiwanja chenye thamani halisi ya dola 20,000 kisicho na kinga, ukigawa kwa miezi 60, ni dola 333 kwa mwezi. Kwenye mfano wetu, malipo kwa msimamizi yanaruka kutoka 611 hadi 981. Si kwamba utanyang'anywa kiwanja. Unakinunua upya taratibu kwa ajili ya wadai wako.

Texas inaonyesha mtego huu vizuri. Mkazi wa muda wa kutosha huchagua kati ya kinga za jimbo na za shirikisho. Za jimbo zinalinda nyumba unayoishi bila kikomo cha thamani, mjini hadi ekari 10, lakini kiwanja cha Kenya zinakiacha wazi. Za shirikisho zinalinda dola 31,575 tu za thamani iliyo yako ndani ya nyumba, na kama hukuzitumia zote, kuna sehemu unaweza kuihamishia kwenye mali yoyote. Mwenye nyumba ambayo bado ni ya benki karibu yote huenda akafaidika na za shirikisho na kukifunika kiwanja. Mwenye nyumba iliyopanda sana bei hana uchaguzi huo. Na kinga hizo haziwezi kuchanganywa, ni kundi moja au jingine.

Thamani nayo ina uzito wake. Bei ya "wenzangu wanasema milioni tatu" inaweza kukugharimu. Ripoti ya mthamini aliyesajiliwa, ikionyesha deni lililo juu ya kiwanja na gharama za kukiuza, huishusha namba kihalali.

Kumwandikia mama kiwanja wiki moja kabla ya kufungua ndilo kosa baya kuliko yote. Uhamishaji wa mali wa miaka miwili iliyopita unaulizwa waziwazi, na ule wa kukwepa wadai unatenguliwa. Vivyo hivyo, ukimrudishia kaka yako dola 3,000 alizokukopesha ndani ya mwaka mmoja kabla ya kesi, umempendelea ndugu dhidi ya wadai wengine, na kiasi hicho huweza kuingizwa kwenye hesabu ya wanachostahili kupata. Zawadi zinazozidi dola 600 kwa mtu mmoja ndani ya miaka miwili zinaandikwa pia, na mchango wa harusi au wa msiba haujasamehewa.

Pesa za kila mwezi nyumbani hazikatazwi. Kwenye fomu ya matumizi kuna mstari wa msaada kwa watu usioishi nao, na matunzo ya mzazi mzee au mgonjwa asiyejiweza yanakubalika yakiwa ya kiasi na yenye kawaida. Msimamizi ataomba taarifa za benki na kuona Remitly au Sendwave kila tarehe 5. Mwenye risiti za miezi kadhaa, barua ya hospitali na kiasi kisichobadilikabadilika hupita. Anayetuma 150 mwezi huu na 1,400 ujao atatakiwa kueleza kwa nini wadai wake wangoje. Mchango wa chama ndio mgumu zaidi kuutetea, kwa sababu machoni pa msimamizi ni akiba yako mwenyewe. Usingoje zamu yako ya kupokea ifike katikati ya kesi bila wakili wako kujua.

Mkutano wa wadai hufanyika kati ya siku 21 na 50 baada ya kufungua, siku hizi kwa video, na benki kubwa ni nadra kuhudhuria. Msimamizi anauliza, wewe unajibu chini ya kiapo. Leta kitambulisho chenye picha na uthibitisho wa namba yako ya Social Security. Stakabadhi za mishahara za siku 60 na ritani ya mwisho ya kodi zitangulie, na ritani za miaka 4 iliyopita ziwe zimeshawasilishwa. Mkalimani wa simu kwa mkutano huu ni bure, na hapo tunatoa sifa bila kusita: afadhali swali la kiwanja lijibiwe kwa Kiswahili sanifu kuliko kwa Kiingereza cha kukisia. Mbele ya hakimu mkalimani unajitafutia.

Kufungua tena na tena

Kesi ikitupwa na ukafungua nyingine ndani ya mwaka, zuio linadumu siku 30 tu, isipokuwa hakimu aliongeze kabla hazijaisha, nawe uonyeshe kilichobadilika. Zikiwa zimetupwa mbili ndani ya mwaka, ya tatu haina zuio kabisa hadi uliombe na hakimu akubali. Ukiifuta kesi mwenyewe baada ya benki kuomba zuio liondolewe, unafungiwa siku 180. Kwa hiyo ile kesi ya haraka iliyofunguliwa bila cheti imekula risasi moja kati ya chache ulizonazo.

Matapeli wanaishi humu. Dalili zao hazibadiliki: anadai ada mbele kwa kuahidi kuongea na benki, jambo ambalo kanuni za shirikisho zinakataza, anakwambia usiongee na benki wala wakili, anaomba umwandikie mtu usiyemjua asilimia fulani ya hatimiliki, kisha mtu huyo anafungua kesi ya kufilisika na nyumba yako inasimama kwa muda. Hakimu akiubaini mchezo huo anaweza kuamuru kwamba kwa miaka miwili hakuna kesi yoyote itakayolinda nyumba hiyo. Mjaza fomu asiye wakili anaruhusiwa kuchapa tu. Akikushauri kinga za kuchagua, amevunja sheria, na kosa lake utalilipia wewe.

Nani ainunue

Anayestahili ni aliyepatwa na kishindo kilichopita: ugonjwa, kuachishwa kazi, talaka, na sasa kipato kimerudi. Awe anaweza kulipa mkopo wa kawaida na ziada ya malimbikizo kwa muda mrefu, na mali ya nyumbani ikiwa ndogo au inayoweza kukingwa. Ada ya wakili kwa kawaida huanguka kati ya dola 3,000 na 6,000 kulingana na wilaya, nyingi yake ikiingizwa kwenye mpango, kwa hiyo kujiwakilisha ili kuokoa pesa hapa hatukupendekezi hata kidogo.

Asiyeweza kulipa hata mkopo wa kawaida asiinunue. Mwenye nyumba yenye thamani kubwa kuliko deni auze mwenyewe kabla ya dalali. Na aliye na miezi miwili tu ya kuchelewa bado ana nafasi bora zaidi: kwa kawaida kampuni inayokusanya mkopo haiwezi kuanzisha hatua za mnada hadi zipite siku 120 za kuchelewa, na maombi kamili ya kurekebisha mkopo yakifika zaidi ya siku 37 kabla ya mnada, haiwezi kuinadi nyumba hadi iyajibu. Washauri wa nyumba walioidhinishwa na HUD, wizara ya nyumba ya Marekani, husaidia kuyajaza bila malipo. Neno ni "kamili": stakabadhi moja ya mshahara ikikosekana, ngao haipo.

Kwa watakaofika mwezi wa 60, kuna kozi ya pili ya usimamizi wa fedha. Hati yake isipowasilishwa, kesi inafungwa bila madeni kufutwa, hata kama kila dola imelipwa.